Moyo Unapokwenda Mbio Usiku wa Manane

Mtu akimwambia daktari, "Usiku moyo wangu unakwenda mbio, silali," daktari bado hajui ameambiwa nini. Kauli hiyo moja hubeba mambo matatu tofauti. Huenda moyo unapiga upesi kupita kawaida. Huenda haupigi upesi hata kidogo, ila mpigo wake umevurugika: unaruka, unasita, kisha unarudi kwa kishindo. Na huenda moyo hauna neno kabisa, unakwenda mwendo wake wa siku zote, ila usiku huo mwenyewe anausikia kama ngoma iliyofichwa ndani ya mto.

Kiswahili kinatosha kabisa kuyatenganisha haya. Tuna kwenda mbio, tuna kuruka, tuna kupapatika, tuna kudunda. Lakini tukikaa mbele ya daktari sote tunasema "unakwenda mbio", na mazungumzo yanaanza kwa mguu mbaya. Kila hali ina chanzo chake na tiba yake, na ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumpotezea mwingine miezi. Mwenye upungufu wa damu hatapona kwa kuvuta pumzi polepole, na mwenye hofu hatapona kwa kupimwa moyo mara ya sita.

Kwa hiyo kabla ya dawa, kabla ya chai ya majani fulani aliyopendekeza jirani, kuna kazi moja ya dakika moja ambayo watu wengi hawaifanyi kamwe.

Hesabu kwanza

Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, palipo na kibonde kidogo pembeni ya mshipa mgumu. Usitumie kidole gumba kupimia, maana nacho kina mpigo wake na kitakuchanganya. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Ukihisi mpigo hauna mpangilio, hesabu dakika nzima.

Huku unahesabu, tumia mkono mwingine kugonga godoro kila mpigo unapokuja. Hapo utajua jambo ambalo tarakimu peke yake haisemi: je, unagonga kwa usawa kama saa ya ukutani? Je, unagonga kwa usawa lakini mara mojamoja kuna pengo? Au unagonga ovyo, kiasi kwamba huwezi kubashiri pigo linalofuata litaangukia wapi? Majibu hayo matatu yanampa daktari habari zaidi kuliko nusu saa ya maelezo.

Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Akilala usingizi, mapigo hushuka; wengi hufika 50 na kitu, na wanamichezo huenda chini ya hapo bila tatizo. Kwa hiyo mtu aliyezoea 52 usingizini akishtuka na kukuta 88 atahisi moyo unamkimbia, ingawa 88 iko ndani ya kawaida. Hisia yake haimdanganyi, kwani moyo kweli umeongeza mwendo ghafla. Kinachomdanganya ni tafsiri anayoipa hisia hiyo.

Moyo ni gari linaloshikwa breki

Watu wengi huwaza kwamba moyo uliotulia ni moyo uliopumzika, na kwamba ukikimbia basi kuna kitu kimeukanyagia mafuta. Mambo yako kinyume kidogo. Moyo una kituo chake cha umeme kwenye chumba cha juu cha kulia, kilichoelezwa na Arthur Keith na Martin Flack mwaka 1907. Kituo hicho kikiachwa peke yake, bila neva yoyote kukiingilia, humpigia kijana karibu mara 100 kwa dakika. Ushahidi mzuri ni watu waliopandikizwa moyo: neva za moyo ule zimekatwa wakati wa upasuaji, na mtu akiwa amekaa kimya kabisa moyo wake hupiga kati ya 90 na 110.

Maana yake, wewe unayepiga 65 kitandani umeshikwa breki. Breki hiyo ni neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni hadi kifuani na tumboni. Upande wa pili kuna neva zinazoharakisha moyo na homoni ya adrenalini, ambazo ndizo mafuta. Usiku ulio sawa, breki hukazwa na mafuta hupunguzwa. Moyo ukianza kukimbia ghafla, mara nyingi kilichotangulia ni breki kulegea, kwa kuwa breki hufanya kazi ndani ya sekunde, kabla hata adrenalini haijamaliza safari yake kwenye damu.

Jinsi neva hiyo inavyozungumza na moyo kuligunduliwa kwa njia ambayo haiwezi kupitwa katika makala ya usingizi. Otto Loewi, aliyekuwa akifanya kazi Graz, Austria, alisimulia kwamba aliota jaribio usiku, akaamka, akaliandika kwenye kikaratasi, akalala tena. Asubuhi hakuweza kusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata wazo likarudi, kama saa tisa, na safari hii hakuandika: aliinuka akaenda moja kwa moja maabara. Alichukua mioyo miwili ya chura, akaichochea vagasi ya moyo wa kwanza mpaka ukapunguza mwendo, kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo na kuyamimina kwenye wa pili. Wa pili nao ukapunguza mwendo. Kumbe neva hutoa kemikali. Matokeo yalichapishwa mwaka 1921, na mwaka 1936 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Sijui mtu mwingine aliyenufaika hivyo kwa kuamka usiku wa manane.

Ubaya ni kwamba breki hii hatuwezi kuiamuru moja kwa moja. Uzuri ni kwamba ina mlango wa pembeni, nao ni pumzi. Tutarudi hapo.

Kwa nini usiku, si mchana?

Sababu ya kwanza ni ya kawaida kiasi kwamba watu huipuuza: usiku hakuna kelele. Mchana moyo huohuo huruka, huharakisha, hutulia mara nyingi, nawe huna habari kwa sababu unazungumza, unatembea, unafikiria deni. Usiku masikio yamebaki na kazi moja tu. Ukilala ubavu wa kushoto, moyo husogea karibu zaidi na ukuta wa kifua, na mpigo wake unahisika kwenye mbavu. Ukikandamiza sikio kwenye mto, unasikia damu ikipita. Wapo watu ambao tatizo lao lote limekwisha kwa kugeukia ubavu wa kulia, na si mzaha.

Sababu ya pili ni usingizi wenyewe. Usingizi una vipindi, na takriban kila dakika 90 huja kipindi cha ndoto. Katika kipindi hicho mapigo na presha hupandashuka bila utulivu. Vipindi vya ndoto hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia, na homoni ya kotisoli nayo huanza kupanda ili kuuandaa mwili kuamka. Mtu akizinduka katikati ya ndoto saa kumi za alfajiri, hukuta moyo tayari uko kasi, naye hajui kwamba ulikuwa hivyo hata kabla hajafumbua macho.

Ya tatu ndiyo inayowanyima watu wengi usingizi, nayo ni mzunguko wa hofu. Unahisi mpigo mmoja wa ajabu. Unajiuliza, "Nini hiki?" Swali hilo tu linalegeza breki. Moyo unaongeza mwendo. Sasa una ushahidi kwamba kweli kuna jambo, hofu inapanda, adrenalini inamwagika, moyo unakimbia zaidi. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza David Clark aliueleza mzunguko huu kama kiini cha shambulio la hofu: tafsiri ya kutisha ya hisia ya kawaida ya mwili. Miaka miwili baadaye, Anke Ehlers na wenzake waliwasikilizisha watu sauti ya mapigo ya moyo ya uongo, iliyoongezwa kasi ghafla. Wenye historia ya mashambulio ya hofu walioamini kuwa ule ni moyo wao walipata wasiwasi zaidi, na mapigo yao ya kweli yakapanda. Yaani kusikia tu kwamba moyo unakimbia kulitosha kuukimbiza.

Hapa niseme neno kuhusu saa janja zinazopima mapigo. Zina faida yake, na zimewasaidia watu kugundua mpigo uliovurugika. Lakini mtu anayeamka mara nne kwa usiku kutazama tarakimu zinazometa mkononi anajifanyia jaribio lile la Ehlers kila siku, bila malipo. Kama uko kwenye kundi hilo, ivue unapolala. Hesabu ya vidole ukiihitaji ipo palepale.

Kuna pia shambulio la hofu linalomwamsha mtu akiwa hajaota chochote. Huja zaidi katika saa za mwanzo za usingizi, wakati mtu anazama kutoka usingizi mwepesi kwenda mzito. Anaruka kitandani, moyo unadunda, pumzi haitoshi, mikono inakufa ganzi, ana hakika anakufa. Kilele chake hufika ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka. Kwa kuwa hakukuwa na ndoto wala wazo baya, mtu hukataa katakata kuambiwa ni hofu: "Nitaogopaje nikiwa nimelala?" Inawezekana. Kengele ya hatari ya mwili inaweza kulia yenyewe.

Ila hofu isigeuzwe kapu la kutupia kila kitu. Hasa wanawake huambiwa "ni mawazo tu" kabla hata damu haijapimwa. Hofu itajwe baada ya mengine kuangaliwa.

Yanayokanyaga mafuta

Kafeini huwa ya kwanza kushtakiwa, na kesi yake ina pande mbili. Nusu ya kafeini uliyokunywa hubaki mwilini baada ya saa tano hivi, ingawa watu hutofautiana sana. Ukinywa saa kumi jioni kiasi cha miligramu 200, saa tatu usiku zimebaki 100, na saa nane usiku bado kuna 50. Wajawazito na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango huitoa polepole zaidi. Katika utafiti wa mwaka 2013, kafeini miligramu 400 iliyotumiwa saa sita kabla ya kulala ilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Lakini je, kahawa inavuruga mpigo? Jaribio lililochapishwa mwaka 2023 liliwafuatilia watu wazima 100 wenye afya kwa siku 14, siku nyingine wakinywa kahawa, siku nyingine wakiacha. Mapigo ya ziada yatokayo vyumba vya juu vya moyo hayakuongezeka kwa kiasi cha maana. Yale ya vyumba vya chini yaliongezeka. Na usingizi ulipungua kwa dakika 36. Kwa hiyo kwa mtu mwenye afya, hasara ya hakika zaidi ya kahawa ni usingizi. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vihesabiwe hapa, kwa kuwa watu husema "mimi sinywi kahawa" wakiwa na kopo mkononi.

Pombe ni mdanganyifu zaidi. Inakulaza haraka, halafu nusu ya pili ya usiku inakudai. Inapomaliza kuchakatwa, mwili uliokuwa umefubazwa huzinduka kwa nguvu, mapigo hupanda, usingizi hukatikakatika. Mwaka 1978 Philip Ettinger na wenzake nchini Marekani walieleza watu waliofika hospitali na moyo uliovurugika baada ya kunywa sana wikendi na sikukuu, na madaktari mpaka leo huiita hali hiyo "moyo wa sikukuu". Sigara nayo, kwa mvutaji sugu, huleta shida mara mbili: nikotini huharakisha moyo, na inapopungua usiku humwamsha mtu kwa kiu yake.

Kisha angalia sanduku la dawa. Vidonge na matone ya kufungua pua iliyoziba, dawa za pumu za kuvuta kama salbutamol, dawa za homoni ya thairoidi zilizozidi kipimo, baadhi ya dawa za kupunguza unene na baadhi ya dawa za sonona, zote zinaweza kuharakisha moyo. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa sababu umeisoma hapa. Peleka orodha.

Halafu kuna mwili wenyewe kudai mwendo zaidi. Homa huongeza takriban mapigo 10 kwa kila nyuzi moja ya joto. Upungufu wa damu hulazimisha moyo kuzungusha haraka damu isiyobeba oksijeni ya kutosha. Dalili zake ni kuchoka, kuhema kwenye ngazi, weupe ndani ya kope, na kwa wanawake hedhi nzito. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, moyo hukimbia usiku na mchana, mtu anakonda huku anakula, anatokwa jasho, mikono inatetemeka. Ujauzito huongeza mapigo 10 hadi 20 kwa dakika, nalo ni jambo la kawaida. Wanaokaribia kukoma hedhi huamshwa na wimbi la joto na moyo ukidunda, jasho likifuata. Mwili ukikosa maji, kwa kuharisha au kutapika, moyo hufidia kwa kasi.

Kundi moja lisipitwe haraka: wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vinavyochochea insulini. Kuamka usiku moyo ukikimbia, mwili ukiwa umelowa jasho, mikono ikitetemeka na njaa kali, kunaweza kuwa sukari iliyoshuka. Hapo hakuna mazoezi ya pumzi. Pima sukari, na kama huna kipimo karibu, kula kitu chenye sukari kwanza kisha upime baadaye. Kilichotokea mwambie daktari, dozi huenda inahitaji kubadilishwa.

Koo linalofunga

Chanzo ninachokiona kikipuuzwa kuliko vyote ni kukatika kwa pumzi usingizini, ambako madaktari huita apnia. Mtu analala, misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba. Kifua kinavuta lakini hewa haipiti. Oksijeni inashuka. Baada ya sekunde 10, 20, wakati mwingine zaidi, ubongo unashtuka, unamwaga adrenalini, koo linafunguka kwa mkoromo mkubwa, na moyo uliokuwa umepunguza mwendo unatimka. Kisha analala tena na mambo yanaanza upya. Kwa wenye hali kali hutokea mara 30 au zaidi kila saa, na wengi wao hawakumbuki hata mara moja.

Wanachokumbuka ni kuamka mara mbili tatu moyo ukidunda, mdomo mkavu, na haja ndogo. Asubuhi kichwa kinauma. Mchana wanasinzia kwenye kikao. Wanakwenda kupimwa moyo mchana, wakiwa macho, koo likiwa wazi, na kipimo kinatoka safi. Shahidi wa kweli ni anayelala naye chumba kimoja. Yeye ndiye anayejua kwamba mkoromo hukatika ghafla, kimya kinatanda, kisha mtu anashtuka kama aliyetoka kuzama majini.

Apnia huongeza uwezekano wa presha ya juu na wa mpigo uliovurugika. Kupunguza uzito kwa aliyenenepa, kulala ubavu na kuacha pombe ya usiku husaidia, na kwa wengi tiba kuu ni mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa puani, iliyoelezwa na Colin Sullivan na wenzake nchini Australia mwaka 1981. Na hapa kuna mtego: mtu akidhani tatizo ni "kukosa usingizi" akanywa dawa za usingizi, baadhi ya dawa hizo hulegeza koo zaidi.

Umeme unapopotea njia

Mpigo unaoruka kisha kurudi kwa kishindo kwa kawaida ni mpigo uliotangulia wakati wake. Sehemu nyingine ya moyo imepiga kabla ya zamu. Mpigo huo ni dhaifu, huenda usiuhisi. Baada yake moyo husubiri kidogo, unajaa damu kuliko kawaida, na mpigo unaofuata unakuja na nguvu. Kishindo unachokisikia ni cha mpigo mzima. Karibu kila mtu huwa na mipigo hii ya mapema, na kwa mwenye moyo usio na ugonjwa kwa kawaida haina madhara. Kama ni mingi mno, au inaambatana na kizunguzungu, ichunguzwe.

Hali ya pili ni ile ya umeme kuingia kwenye kipilefti na kushindwa kutoka. Unazunguka njia ileile, na kila mzunguko ni pigo. Moyo unaruka kutoka 70 hadi 150, 180, au hata 220 kwa mpigo uleule, kama swichi imewashwa. Na ukikoma, unakoma vilevile ghafla. Hiyo ndiyo alama ya kuitofautisha na hofu, ambayo hupanda na kushuka kama mlima. Kijana aliyelala chali anayehesabu 180 asikubali kuambiwa ni wasiwasi tu. Wengi wa wagonjwa hawa wanaweza kutibiwa moja kwa moja kwa kuunguza njia hiyo ndogo ya umeme kupitia mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa pajani, na kwa aina zilizo za kawaida mafanikio yanazidi asilimia 90.

Ya tatu ni mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, ule mpigo usiobashirika kabisa. Huwapata zaidi watu wa umri mkubwa, wenye presha, wenye apnia, wanywaji. Wengine hawahisi kitu. Hatari yake kubwa iko mbali na kifua: damu inayotuama kwenye vyumba vinavyopapatika huweza kuganda, donge likapanda ubongoni. Uwezekano wa kiharusi huongezeka karibu mara tano. Ndiyo sababu kugonga godoro kwa kidole si mchezo wa watoto.

Usiku wenyewe, unafanya nini?

Kaa. Usibaki umelala chali ukisikiliza. Hesabu mpigo mara moja, andika tarakimu, saa na mpangilio, kisha usihesabu tena kwa dakika 15.

Sasa ule mlango wa pembeni. Ukivuta pumzi, vagasi hulegea kidogo na moyo huongeza mwendo. Ukitoa pumzi, hukaza na moyo hupunguza. Carl Ludwig aliliona hilo tangu mwaka 1847. Kwa hiyo ukirefusha kutoa kuliko kuvuta, unairefushia breki muda wake. Vuta kwa puani ukihesabu hadi nne, toa taratibu ukihesabu hadi sita, na mwendo huo ni pumzi sita kwa dakika. Usivute kwa nguvu wala kujaza kifua mpaka pomoni. Kupumua kwa kina na kwa haraka ndiko kunakoleta ganzi ya vidole na kizunguzungu. Dakika tano zinatosha kuona tofauti. Kama hakuna tofauti, usilazimishe, maana kupumua nako kunaweza kugeuka mtihani ambao mtu anaogopa kuufeli.

Kwa waliokwisha kuambiwa na daktari kwamba wana ule mpigo wa kipilefti, kuna mbinu yenye nguvu zaidi. Mtu akiwa ameketi nusu, hupuliza kwa nguvu kwenye bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, mpaka kisukumio kianze kusogea, kwa sekunde 15. Kisha hulazwa chali mara moja na miguu yake kuinuliwa nyuzi 45 kwa sekunde 15 nyingine. Katika jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015, mbinu hii ilirudisha mpigo kwa asilimia 43 ya wagonjwa, ikilinganishwa na asilimia 17 kwa kupuliza bila kulazwa na kuinuliwa miguu. Muulize daktari wako akuonyeshe kabla hujaijaribu nyumbani. Kukandamiza mishipa ya shingo, ambako watu hufundishana, kusifanywe nyumbani, hasa na wazee.

Kama baada ya dakika 20 hivi usingizi haujaja, ondoka kitandani. Nenda chumba kingine, mwanga hafifu, fanya jambo lisilo na maana kubwa, rudi ukihisi usingizi. Mbinu hii iliasisiwa na Richard Bootzin mwaka 1972 na bado ni nguzo ya tiba ya kukosa usingizi. Mantiki yake ni kwamba kitanda hujifunza. Ukilala humo usiku baada ya usiku ukisikiliza moyo wako, kitanda kinakuwa mahali pa kusikilizia moyo, na mwili utaanza kukaza ukikikaribia tu. Saa ya ukutani igeuze uso.

Usisubiri asubuhi

Moyo ukikimbia pamoja na maumivu au kubanwa kifua, kuzirai au kukaribia kuzirai, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito, ni dharura, nenda hospitali usiku huohuo na usiendeshe gari mwenyewe. Vivyo hivyo ukihesabu zaidi ya 150 ukiwa umetulia na haishuki. Anayeamka akihema saa moja au mbili baada ya kulala, akalazimika kukaa au kwenda dirishani kutafuta hewa, huenda moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri. Huyo naye asikae nyumbani. Na aliye na ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana aitaje habari hiyo mapema, hata asipoulizwa.

Kwa wengine, miadi ya kawaida inatosha. Tegemea kupimwa kipimo cha umeme wa moyo, wingi wa damu, thairoidi, sukari, na madini kama potasiamu. Kipimo cha umeme wa moyo hurekodi sekunde 10 hivi. Kikiwa safi, kimesema tu kwamba sekunde hizo zilikuwa safi. Mmarekani Norman Holter aliliona tatizo hili miaka ya 1940, akatengeneza kifaa cha kurekodi moyo wa mtu anayetembea, na cha kwanza kilikuwa mzigo wa mgongoni wenye zaidi ya kilo 30. Leo kifaa chenye jina lake kinakaa kiunoni, unakivaa saa 24 au siku kadhaa. Chagua siku ambazo shida hutokea. Kama huja mara moja kwa mwezi, sema hivyo, kwa sababu kifaa cha siku moja kitakosa.

Watu huazimana propranolol, kidonge cha kupunguza kasi ya moyo, kama wanavyoazimana mwavuli. Ni kweli hupunguza kasi, lakini kwa mwenye pumu inaweza kufunga njia za hewa, na kwa baadhi huleta ndoto mbaya, ambazo ndizo ulizokuwa unazikimbia. Zaidi ya hapo, inaficha tarakimu ambayo daktari alitaka kuiona.

Peleka kikaratasi chako chenye saa, hesabu na mpangilio wa mpigo kwa wiki mbili, ukiandika pia ulichokunywa na dawa ulizomeza siku hiyo. Na kama unalala na mtu, mwombe akurekodi kwa simu ukiwa usingizini, dakika tano tu, kisha nenda naye. Mara nyingi yeye ndiye anayejibu swali ambalo wewe, kwa kuwa ulikuwa umelala, huwezi kulijibu.